Pumzi ya Nani? Tafakuri juu ya Muziki wa Miji ya Kale ya Pwani

Ukiingia katika magofu ya Gede, kusini kidogo ya Malindi, utaonyeshwa nyumba zenye majina. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Majina hayo hayakutolewa na waliozijenga. Ni ya wachimbaji wa mambo ya kale, walioanza kazi chini ya James Kirkman mwaka 1948, na kila nyumba waliiita kwa kitu walichokikuta ndani yake. Mwenye nyumba kasahaulika, yeye na ukoo wake. Mkasi wake ndio uliobaki kumshuhudia. Kila nikilifikiria jambo hili, swali hunijia lile lile: kama kulikuwa na nyumba iliyosifika mji mzima kwa nyimbo zilizoimbwa uani kwake, mchimbaji angeijuaje? Ushanga hukaa ardhini miaka mia tano. Sauti haikai hata usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo tumezoea kuipima miji ya kale ya pwani kwa mawe. Tunahesabu misikiti, visima, vyoo na makaburi yenye minara. Tunajua kwamba Shanga ilikuwa na msikiti tangu karne ya 8, na kwamba Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa na birika la pande nane. Elimu hiyo ina thamani yake. Ila jiwe hutueleza watu walivyokaa, walivyooga na walivyozikwa. Halituelezi ni kwa nini walijihesabu kuwa watu wa mji mmoja. Naamini sehemu kubwa ya jibu la swali hilo ilikuwa hewani. Ilisikika, ikafanya kazi yake, ikapotea.

Tuanze na mji wenyewe. Kwa mji nakusudia watu wengi kiasi cha kutojuana wote, ambao hata hivyo wamekubali kuishi chini ya taratibu moja. Kijijini kila mtu anamjua mwenzake, na kujuana huko kunatosha kuwa sheria. Mjini mtu hukutana na mgeni kila kukicha, na mgeni huyo huenda ni jirani yake wa mtaa wa pili. Kitu gani basi huwafunga pamoja? Mtu atasema biashara. Lakini biashara ya pwani ilikuja na kaskazi ikaondoka na kusi; iliwakusanya watu forodhani kwa miezi kadhaa, kisha ikawatawanya. Mwingine atasema dini. Ni kweli, na nguvu yake haina mfano, ila dini iliyomfunga mtu wa Pate na mwenzake wa Pate ilimfunga pia na mtu wa Siyu, wa Hadhramaut na wa Misri. Haikutosha kumwambia yeye hasa ni wa wapi. Mwingine atataja ukuta wa mji. Ndani ya ukuta mmoja watu huweza kuchukiana vizazi na vizazi. Basi labda mtawala. Hapo tunakaribia, lakini swali linazaa swali: mvuvi au mfuma nguo ambaye hajawahi kukanyaga kizingiti cha jumba la sultani alijuaje kwamba yuko chini ya sultani? Alijua kwa sikio.

Fikiria jinsi nyumba ya mawe ya Lamu au Pate ilivyojengwa. Mgeni hukomea dakani. Akipenya hufika kiwandani, penye uwazi na mwanga. Kisha misana, kisha ndani kabisa, ambako wageni hawafiki. Kuta ni nene, madirisha ya njiani ni machache au hayapo. Jengo zima limewekwa ili kulinda sitara, na kwa sitara nakusudia haki ya watu wa nyumba kutoonekana na wasiohusika. Sasa, mji ambao kila nyumba yake imejifunga namna hiyo unaonanaje? Mchana njiani mnapishana wachache. Wanawake wa kiungwana hawaonekani kabisa. Kitu pekee kinachoingia katika kila nyumba bila kupiga hodi, kikafika mpaka ndani na kumkuta bibi harusi, mgonjwa na mtoto mchanga, ni sauti. Pembe ikilia upande mmoja wa mji, walio nyuma ya kuta hizo wote wamejumuika katika jambo moja, ingawa hakuna aliyetoka. Hawakuonana, lakini wamesikia pamoja. Naona huo ndio mkutano mkubwa kuliko yote ambao mji wa aina ile uliweza kuuitisha.

Hapa nieleze ninachokusudia kwa muziki, maana msomaji ataniuliza kama pembe inayotoa sauti moja au mbili nayo ni muziki. Kwa muziki nakusudia sauti ambayo watu wameipa utaratibu ili watu wengine waiangalie kwa masikio. Kupendeza ni sifa ya baadhi yake, wala si sharti lake. Ngoma ya jumbani, baragumu la mapokezi, pembe za nyati ambazo wanawake huzigonga kwa vijiti katika vugo la harusi, matari ya maulidi: zote zimo. Tukiufungia muziki katika burudani peke yake, tutashindwa kuelewa kwa nini watu wa kale walipigania vyombo vyake kama walivyopigania mashamba na mitepe.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaandika alichokiona katika jumba la sultani wa huko. Baada ya sala ya alasiri askari na wakuu hupangwa safu kwa vyeo vyao, kisha hupigwa ngoma, baragumu na zumari. Muda wote zikilia hakuna anayejitikisa. Aliyekuwa anatembea husimama pale pale alipofika. Hasongi mbele wala harudi nyuma. Zikinyamaza, watu husalimu na kwenda zao.

Habari hii ni fupi, na msomaji wa haraka ataipita kama desturi ya ikulu. Mimi naomba tuitazame vizuri. Kwa nini wasimame? Jibu la kwanza ni woga. Huenda, masultani walikuwa na upanga, na upanga hufundisha adabu. Lakini woga hushughulika na macho: mtu huogopa anapoonwa, na akiwa nyuma ya nguzo hujinyoosha. Jibu la pili ni heshima kwa mwenye jumba. Hili lina uzito zaidi, ila bado halielezi kwa nini heshima hiyo ichukue sura ya kusimama tuli, isiwe ya kuinama au kubusu mkono, mambo ambayo kila mtu huyafanya kwa zamu yake. Nadhani jawabu liko ndani zaidi. Kusimama tuli ni kitendo pekee ambacho watu wa vyeo vyote wanaweza kukifanya kwa wakati mmoja na kwa ukamilifu sawa. Waziri hasimami tuli kuliko mchukuzi. Ngoma ikilia, kila mmoja huacha wakati wake binafsi, yaani safari yake, hesabu yake ya deni, haja iliyomtoa nyumbani, akaingia katika wakati wa wote. Wakati wa namna hiyo haupo wenyewe duniani kama lilivyo jua. Lazima utengenezwe na watu, na miji ya kale iliutengeneza kwa ngozi, shaba, pembe na pumzi.

Ajabu ni kwamba safu zenyewe zilipangwa kwa vyeo. Yaani katika dakika ile ile muziki uliwasawazisha watu kwa utulivu na kuwatofautisha kwa mahali pa kusimama. Niliwahi kudhani hayo mawili yanapingana. Sasa naona mji wa kale uliyahitaji yote, tena kwa pamoja: kila mtu ajue kwamba yumo, na kila mtu ajue yumo wapi.

Sauti ya mji haikuishia ukutani. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mfalme wa mji alitoka kwa chombo kukutana na wageni baharini. Mwandishi wa shajara ya msafara ule anamweleza akiwa ameketi kwenye viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, amezungukwa na wapiga tarumbeta. Na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, kila moja ikiwa na kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mwandishi akakiri kwamba zililingana vizuri na tarumbeta. Wareno nao walijibu kwa namna yao: walipiga mizinga.

Kila upande ulikuwa unasema neno lile lile, kwamba sisi tupo na tuna uzito. Ila uzito wenyewe haukuwa wa aina moja. Mzinga humwambia anayesikia kitakachompata. Pembe humwambia amefika kwa nani. Pembe ya ndovu yenye kimo cha mtu ni kazi ya miezi ya fundi, na ni mali ambayo ingeweza kuuzwa ng'ambo kwa bei kubwa; mji ulioamua kuitoboa na kuipuliza, badala ya kuipakia jahazini, ulikuwa umekwisha kujiamulia nini ni cha kuuzwa na nini si cha kuuzwa. Sijui kama wageni wale waliuelewa ujumbe huo. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, meli za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Sauti ina nguvu kwa anayekubali kuisikiliza tu, na udhaifu wake wote uko hapo. Mzinga hauombi kukubaliwa. Lakini nani kati yetu angesema kwamba kwa hiyo mzinga ndio uliokuwa na maana kubwa zaidi?

Ili kuelewa sauti ilivyokuwa mali, yatubidi twende Pate. Siwa ni baragumu kubwa la mji. Ile ya Pate, ambayo siku hizi imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni ya pembe ya ndovu na urefu wake unapita mita mbili. Nakshi zake zimechongwa kwa subira ya kutisha, na ubavuni mna tundu la mdomo, mahali ambapo mtu wa leo asiyeambiwa angeweza kupaona kama kasoro. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Hazikuwa vyombo vya mpenda muziki kujiburudisha nyumbani. Ziliwekwa chini ya mamlaka ya mji, na ililia siwa penye arusi, tohara au tukio la watu waliostahili kuliliwa na siwa. Nyumba ambayo siwa imelia mlangoni kwake ilikuwa imethibitishwa mbele ya mji mzima kuwa nyumba ya kiungwana. Hati ya kuandikwa hufungwa sandukuni, wakaiona wachache. Hati hii ilisomwa na kila mwenye masikio.

Habari za Pate zinasimulia kisa cha Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyekuwa na uadui na sultani. Alitaka siwa kwa ajili ya tohara ya mwanawe. Sultani akamnyima. Mwana Darini hakwenda kubembeleza wala hakuifuta sherehe. Alimwita fundi, akampa pembe ya ndovu, akamwambia amtengenezee siwa yake. Ikatengenezwa, ikalia.

Hebu tukipime kisa hiki bila haraka. Sultani alipokataa, alinyima kitu gani hasa? Chombo cha kupulizwa kilikuwepo. Watu wa kualikwa walikuwepo, na chakula, na mtoto. Alichonyima ni heshima, na kwa heshima hapa nakusudia nafasi ambayo mtu anapewa katika usikivu wa wenzake. Mtu hawezi kujiheshimu akaishia hapo, kama asivyoweza kujipa mkono wa buriani. Ni lazima wengine wasikie na wakubali. Sultani alidhani kwamba kwa kuwa ameshika chombo, ameshika pia usikivu wa watu wa Pate. Mwana Darini aligundua kwamba hayo ni mambo mawili. Chombo kinaweza kufungiwa. Usikivu hukaa kwa wasikilizaji, na wao wakiitambua sauti mpya kuwa ni siwa, basi ni siwa.

Lakini nisimfanye Mwana Darini kuwa zaidi ya alivyokuwa. Hakusema kwamba siwa haina maana. Aliitaka kwa sababu ilikuwa na maana. Wala hakudai kwamba kila mtoto wa Pate aliliwe siwa. Alidai nafasi yake ndani ya utaratibu uliokuwepo, na kwa kuidai akauimarisha. Hata hivyo kitendo chake kilifichua jambo ambalo pengine yeye mwenyewe asingependa lifichuke: kama siwa inaweza kutengenezwa upya, basi utukufu wake haukushuka kutoka mbinguni. Ulitoka mikononi mwa fundi na masikioni mwa watu.

Na kifuani mwa mtu mmoja ambaye bado sijamtaja.

Siwa haijipulizi. Inahitaji mapafu yenye nguvu, midomo iliyozoea, na mtu mwingine au wawili wa kuibeba. Kazi hiyo haikuwa ya muungwana. Iliangukia watu wa tabaka la chini, na katika miji ile maana yake mara nyingi ilikuwa watumwa na wazalia wao. Hapa ndipo fikra yangu inapokwama kila mara, wala sitaki kuipitisha haraka. Heshima ya nyumba kubwa, jambo ambalo matajiri wa Pate waligombania mpaka kuvunjiana undugu, ilifika masikioni mwa mji kwa pumzi ya mtu asiyekuwa na heshima kisheria. Alipovuta pumzi ilikuwa yake. Ilipotoka upande wa pili wa pembe ilikuwa ya bwana wake. Katika masafa ya mita mbili, pumzi ilibadilisha mwenyewe.

Je, tuseme basi kwamba muziki wa mji wa kale ulikuwa aina nyingine tu ya utumikishwaji? Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Mnara wa msikiti na birika la Husuni Kubwa navyo vilijengwa kwa jasho la wengi kwa jina la mmoja. Lakini tofauti ipo, na kwangu ni kubwa. Aliyebeba mawe akaenda zake anaweza kufutwa. Ukuta unasimama bila yeye. Aliyepuliza siwa hafutiki, maana akiacha tu, heshima yote inanyamaza. Ilibidi aitwe tena, apewe chake tena, avumiliwe tena. Mji uliokusudia kumweka pembezoni ulijikuta umeiweka pumzi yake katikati ya sherehe zake kuu. Simwoni kama mshindi, kwani hakurudi nyumbani akiwa huru. Ila mahali pake katika mji palikuwa pakubwa kuliko jina alilopewa, na nina hakika yeye mwenyewe alilijua hilo, kwa sababu hakuna ajuaye uzito wa pembe kuliko anayeipuliza.

Unguja nako ulikuwapo ushahidi wa namna hiyo. Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa kisiwa aliyekuwa na jumba lake Dunga, aliendelea kuwa na ngoma na siwa zake wakati ambapo masultani wa Busaidi walikwisha kuchukua bandari na mamlaka makubwa ya kisiwa. Nasaba hiyo ilikoma mwaka 1873, na vyombo vyake vikaishia makumbusho. Watu wanaweza kupokonywa bandari wakabaki na ngoma, na kwa muda fulani ngoma hiyo ikawatosha kujua wao ni nani.

Lamu ndiyo iliyonionyesha mwisho wa habari hii ulikoelekea. Katika karne ya 19 alihamia huko kutoka Ngazija sharifu Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye watu humwita Habib Saleh. Alifundisha elimu ya dini kwa watu ambao wengi wa wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha: wageni wa bara, maskini, watumwa na waliokuwa watumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukajengwa Msikiti wa Riyadha, na maulidi ya Habshi yakasomwa humo kwa matari. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907. Hadi leo maulidi ya Lamu hukusanya watu wa pwani yote, safu za vijana waliovaa kanzu wakiyumba pamoja huku na huku, matari mikononi.

Tari ni duara la mti lililowambwa ngozi upande mmoja. Halihitaji pembe ya ndovu wala idhini ya jumba. Haliazimwi kwa sultani. Na tofauti na siwa, haliwi kitu likiwa moja. Nguvu yake huja yakiwa mengi, na katika wingi huo huwezi kusema sauti hii ni ya mkono wa nani. Pumzi ya siwa ilisafiri kutoka kwa mtu mmoja kwenda jina la mtu mwingine. Sauti ya matari haina jina la mtu wa kuipokea, isipokuwa la Mtume anayesifiwa, na mbele ya jina hilo muungwana na mzalia wamesimama safu moja.

Wazee kadhaa wa Lamu walipinga. Walisema matari hayafai msikitini, na hoja yao ilikuwa na vitabu vyake. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya jambo hilo tangu zamani, na aliyelikataza kwa nia njema simlaumu. Lakini sidhani kama fikihi peke yake iliwakosesha usingizi. Watu wale walilelewa katika mji ambao sauti kubwa ilikuwa na wenyewe, na waliijua kazi yake kuliko sisi tunaoitazama siwa nyuma ya kioo. Waliposikia matari ya Riyadha usiku, yakipita kuta nene, yakivuka daka na kiwanda na kuingia ndani bila hodi, walielewa mara moja swali lililokuwa likijibiwa: katika mji huu, kuanzia sasa, nani atasikilizwa.